Wakili wa Mtoto Si Wakili wa Ukoo

Walezi wengi wanaozungumza Kiswahili huingia katika ofisi za mawakili wa uhamiaji Marekani na kauli ileile, wawe wametoka Uvira, Bujumbura au kambi ya Nyarugusu: "Mtoto ni wangu, wakili namlipa mimi, kwa hiyo niulizeni mimi." Kauli hiyo imeharibu kesi nyingi mno. Ziko dhana nyingine potofu, nazo nitazipitia, lakini hii nitaipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayozaa nusu ya matatizo mengine.

"Wakili wa mtoto ni wakili wa familia nzima"

Mteja ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye mkataba wa uwakilishi na kwenye fomu ambayo wakili hujitambulisha kwayo: G-28 mbele ya idara ya uhamiaji, USCIS, na EOIR-28 mbele ya mahakama ya uhamiaji. Kama jina lililoandikwa ni la binti wa miaka 14, mteja ni huyo binti. Mama yake si mteja, wala baba mdogo aliyempokea uwanja wa ndege, wala mchungaji aliyechangisha ada kanisani. Kanuni za maadili ya mawakili zinaruhusu mtu mwingine alipe, ila mteja lazima aridhie, na mlipaji hapati haki ya kuelekeza kesi wala ya kuambiwa siri. Umri haubadilishi jambo hilo. Kanuni zinamtaka wakili adumishe uhusiano wa kawaida na mteja wake kadiri inavyowezekana, hata mteja akiwa mtoto.

Ndiyo maana mlezi huombwa akae nje. Wengi hukasirika na kuona kwamba mtoto anafundishwa utovu wa adabu. Sikilizeni sababu zake.

Kwanza, mtoto anayeomba hifadhi anatakiwa aeleze yaliyompata yeye mwenyewe. Kubakwa njiani, kuchukuliwa na wapiganaji, kupigwa na shemeji, kufanyishwa kazi bila malipo: hayo hayasemwi mbele ya mlezi, na hayasemwi kabisa kama mlezi ndiye mhusika. Mtoto akikaa kimya mbele ya mama yake, kiapo chake kitaandikwa bila mambo hayo. Miezi baadaye, ofisa wa hifadhi anamuuliza peke yake, naye anasema. Kwenye jalada zinabaki simulizi mbili za mtu mmoja, na wakili wa serikali haangalii aibu ya mtoto, anaangalia tofauti. Kesi hufa hivyo, na hufa kwa kitu ambacho kikao kimoja cha faragha kingekizuia.

Pili, siri kati ya wakili na mteja inalindwa kisheria, lakini uwepo wa mtu wa tatu asiyehitajika unaweza kuuvunja ulinzi huo. Mkalimani anahitajika. Shangazi anayetaka tu kusikia hahitajiki. Na mkalimani asiwe ndugu. Kaka mkubwa anayetafsiri huongeza, hupunguza, na wakati mwingine humjibia mdogo wake kwa nia njema kabisa. Mkalimani awe mtu wa nje, anayekijua Kiswahili cha mahali alikotoka mtoto, maana mkalimani wa Mombasa anaweza kumpotosha mtoto wa Fizi bila yeyote kugundua, hasa pale mtoto anapochanganya na Kibembe.

Tatu, na hapa ndipo panapouma zaidi, maslahi ya mtoto na ya mzazi yanaweza kugongana hata wakipendana. Chukueni hadhi ya SIJ (Special Immigrant Juvenile), njia ya kupata ukaazi wa kudumu inayotolewa kwa watoto waliotendewa ukatili, waliopuuzwa au kutelekezwa na mzazi mmoja au wote wawili. Mwombaji awe chini ya miaka 21 siku ya kuwasilisha fomu I-360, asiwe ameoa au kuolewa, na awe na amri ya mahakama ya jimbo. Mara nyingi njia hii humfaa mtoto aliyelelewa na mama peke yake, baba akiwa ametoweka. Lakini sheria ileile inasema kwamba mzazi wa kumzaa hatapata kamwe haki yoyote ya uhamiaji kupitia mtoto huyo. Katazo hilo linamgusa hata mama ambaye hakumkosea mtoto kitu chochote.

Sasa mama anataka nini? Anataka mtoto apate karatasi, awe raia, kisha akifika miaka 21 amwombee mama. Kupitia hifadhi, mlango huo ungebaki wazi. Kupitia SIJ, umefungwa daima. Wakili wa mtoto akiona kwamba ushahidi wa hifadhi ni dhaifu na wa SIJ ni imara, atamshauri mtoto kwa kutazama usalama wa mtoto. Mama anayeamini kwamba huyu ni wakili wake ataona amesalitiwa, naye hajasalitiwa na mtu. Alichohitaji ni wakili wake mwenyewe tangu mwanzo.

Wakili mmoja anaweza kuwakilisha mama na watoto pamoja, na katika hifadhi ya familia ni jambo la kawaida, mradi wote wameelezwa hatari na kuridhia kwa maandishi. Lakini mgongano ukizuka katikati, mara nyingi hulazimika kujiondoa kwa wote. Ada imeshalipwa, tarehe ya kusikilizwa iko mlangoni, na familia inaanza upya na mawakili wawili wasioijua kesi. Muulizeni wakili siku ya kwanza, kabla ya kusaini: "Unamwakilisha nani kati yetu, na tukipishana utafanya nini?" Anayebabaika kujibu, tafuteni mwingine.

Lipo na suala la nani ni mzazi. Kwetu, baba mdogo ni baba, na mtoto wa marehemu dada analelewa bila karatasi na bila kuulizwa. Ni jambo jema, na limeokoa maelfu ya watoto vitani. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiendi hivyo. Fomu inapouliza mzazi, inamaanisha aliyezaa, mzazi wa kambo aliyefunga ndoa kabla mtoto hajatimiza miaka 18, au aliyeasili kisheria, kwa kawaida kabla ya mtoto kufikisha miaka 16 na baada ya miaka miwili ya ulezi wa kisheria na kuishi pamoja. Mwaka 2008 Marekani ilijaribu vipimo vya DNA kwa wakimbizi waliokuwa Nairobi wakisubiri kuungana na ndugu zao, na familia ambazo uhusiano wote uliotajwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Mpango wa kuunganisha familia uliojulikana kama P-3 ulisimamishwa, ukafunguliwa tena mwaka 2012 kwa sharti la DNA. Wengi hapo walikataa au hawakufika kupimwa, na wapo waliokuwa wakilea watoto wa ndugu kama wa kwao. Karatasi hazikuwatofautisha na wadanganyifu.

Kwa hiyo mwambieni wakili nani alimzaa nani, hata kama kambini mliandikisha vingine. Mtoto aliyeandikwa kama wa kuzaa na sivyo bado anaweza kuwa na njia: msamaha kwa mkimbizi anayeomba ukaazi, au ulezi kupitia mahakama ya jimbo. Njia hizo hufunguka wakili akijua mapema. Akijulishwa na majibu ya maabara, amechelewa.

Amri ya jimbo yenyewe ina mitego yake. Jaji akitoa ulezi tu bila kutamka mambo matatu, USCIS itakataa: kwamba mtoto yuko chini ya mahakama au amekabidhiwa kwa mlezi, kwamba kurudi kwa mzazi husika hakuwezekani kwa sababu ya ukatili, kupuuzwa, kutelekezwa au sababu inayofanana na hizo katika sheria ya jimbo, na kwamba kurudishwa nchini kwao si kwa manufaa yake. Wakili mzoefu huandaa rasimu ya amri mwenyewe, akitaja kifungu cha sheria ya jimbo na ukweli wa kesi chini ya kila tamko, kwa sababu majaji wengi wa familia hawashughuliki na uhamiaji. Baba aliye Goma naye lazima ajulishwe, au wakili athibitishe kwa kiapo jinsi alivyomtafuta akamkosa. Halafu kuna umri. Mahakama nyingi za jimbo hukoma kwenye miaka 18, ingawa New York, California na Maryland huruhusu hadi 21. Familia inayomleta kijana wiki mbili kabla hajatimiza miaka 18 imemnyima wakili nafasi ya kufanya kazi.

"Mtoto akiwa peke yake mahakamani, serikali itampa wakili"

Hapana. Mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo hupewa wakili tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Gideon ya mwaka 1963, na mtoto anayeshtakiwa kwa kosa tangu hukumu ya Gault ya mwaka 1967. Mahakama ya uhamiaji ni ya madai, iko chini ya Wizara ya Sheria, na sheria inasema mtu anaweza kuwa na wakili bila gharama kwa serikali. Mtoto wa miaka mitano husimama mbele ya jaji kwa kanuni hiyohiyo, upande wa pili akiwapo wakili wa serikali. Sheria ya mwaka 2008 ya kulinda wahanga wa usafirishaji haramu wa binadamu inataka watoto waliofika bila mzazi wapatiwe mawakili kadiri inavyowezekana, na fedha zimekuwa zikipitia mashirika. Fedha hizo si haki ya mtoto mmoja mmoja. Machi 2025 serikali ilikata mkataba uliokuwa ukigharamia uwakilishi wa watoto wapatao 26,000, mpaka mahakama ikaamuru fedha hizo zirejeshwe wakati kesi ikiendelea. Tafuteni wakili siku mnayopokea wito, msingoje tarehe.

"Ni mtoto, akikosa siku moja si kitu"

Jaji anaweza kutoa amri ya kuondolewa nchini bila mtoto kuwepo. Kuifungua kesi upya kwa sababu ya dharura kubwa kuna ukomo wa siku 180, na "sikupata gari" haihesabiki kuwa dharura. Chanzo kikubwa ni anwani. Mkihama, mahakama ijulishwe kwa fomu EOIR-33 ndani ya siku tano za kazi, na idara ya uhamiaji kwa AR-11 ndani ya siku 10. Hizi ni ofisi mbili tofauti, na kuiambia moja si kuiambia nyingine. Kila wiki ingizeni namba ya A, yaani namba ya jalada la uhamiaji la mtoto, katika mfumo wa mahakama wa simu au wa mtandaoni, maana tarehe husogezwa mbele na pia hurudishwa nyuma.

"Tumezaa hapa, tumepona"

Mtoto raia humwombea mzazi akishatimiza miaka 21, na hata hapo namna mzazi alivyoingia nchini inaweza kumkwamisha. Kinga ya kutoondolewa nchini kwa sababu ya mtoto raia inadai mzazi awe amekaa miaka 10, awe na mwenendo mwema, na athibitishe kwamba mtoto atapata taabu ya kipekee kabisa kuliko ile ya kawaida ya kutenganishwa. Zinazotolewa hazizidi 4,000 kwa mwaka nchi nzima.

"Yule anayejaza fomu pale kanisani ni wakili"

Muulizeni kibali. Wanaoruhusiwa kuwawakilisha ni mawakili wenye leseni ya jimbo lolote, na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria wanaofanya kazi ndani ya shirika lililotambuliwa. Wote hao huweka jina na saini yao kwenye G-28. Anayejaza I-589, fomu ya kuomba hifadhi, akapokea pesa taslimu na kuacha nafasi ya mwandaaji wazi amejificha kwa sababu. Kosa lake litasomwa kama uongo wenu, kwa kuwa saini iliyoko ni yenu.

"Bila digrii ya sheria ya Marekani, kazi hii siyo yako"

Hili huwakatisha tamaa vijana ambao fani inawahitaji sana. Wahitimu wa LLB, shahada ya kwanza ya sheria, wa Tanzania, Kenya na Uganda wamesoma mfumo wa sheria wa Kiingereza, na New York inaweza kuwaruhusu kufanya mtihani wa uwakili bila shahada nyingine, baada ya kutathmini muda na maudhui ya masomo. Waliosomea Kongo au Burundi, penye mfumo wa sheria wa Ulaya bara, kwa kawaida huongeza LLM, shahada ya uzamili ya sheria, yenye angalau krediti 24 za masomo. Tathmini iombwe mapema, kwa kuwa chuo lazima kitume matokeo moja kwa moja, na hapo ndipo miezi inapopotea. Mtihani ni wa siku mbili, alama ya kufaulu 266 kati ya 400. Kuna na mtihani wa maadili, alama 85, na saa 50 za kazi ya kisheria bila malipo. Leseni hiyo inamruhusu wakili kusimama katika mahakama ya uhamiaji ya jimbo lolote, kwa kuwa sheria ni ya shirikisho; ila amri ya SIJ ya Ohio au Kentucky itamhitaji wakili wa huko. Mshahara wa mashirika ni mdogo kuliko wa makampuni, lakini mwenye mkopo wa elimu wa serikali ya shirikisho anaweza kusamehewa salio akishalipa awamu 120 zinazostahili huku akifanya kazi katika shirika linalostahili.

Kuna pia njia ambayo wasemaji wa Kiswahili wanaipuuza isivyostahili, nayo ndiyo ninayoipigia debe kuliko zote: uwakilishi ulioidhinishwa, usiohitaji digrii ya sheria. Unaanza kama mkalimani au msaidizi katika shirika lisilo la faida lililotambuliwa, unasoma kozi ya sheria ya uhamiaji, kisha shirika linakuombea kwa fomu EOIR-31A. Idhini ya sehemu inakuruhusu kushughulikia maombi mbele ya idara ya uhamiaji, kama I-730 ya kuwaleta mke au mume na watoto, ambayo mkimbizi huiwasilisha ndani ya miaka miwili tangu aingie. Idhini kamili inakufikisha mbele ya jaji. Hudumu miaka mitatu, na shirika huomba ihuishwe kabla haijaisha.