Grammar school ya Uingereza: kutoka sarufi hadi mchujo

Jina "grammar school" linaweza kumfanya mtu adhani ni shule ya kufundisha sarufi ya Kiingereza. Sarufi ni kweli, ila iliyokusudiwa ni ya Kilatini. Zamani hizo, Uingereza, asiyejua Kilatini hakuwa na njia ya kuingia ukasisi, sheria wala chuo kikuu. Ndiyo maana maaskofu, wafanyabiashara na wafalme walitoa wakfu, yaani ardhi au nyumba ambazo mapato yake yalimlipa mwalimu ili wavulana wa mji wasome bure. Shule ya Manchester ilianzishwa na Askofu Hugh Oldham mwaka 1515. Nyingine nyingi zina jina la Mfalme Edward wa Sita, aliyetawala kuanzia 1547 hadi 1553, ikiwemo ile ya Stratford-upon-Avon ambayo wanahistoria wengi wanaamini ndiko Shakespeare aliposomea. Hiyo ipo hadi leo, na bado inachuja wanafunzi.

Wanaoyajua mambo ya wakfu wanajua pia kwamba sharti la mtoaji halichezewi. Leeds waligongana nalo. Mwanzoni mwa karne ya 19 mji ulikuwa umejaa biashara ya nguo, na wadhamini wa shule wakataka waongeze Kifaransa, Kijerumani na hesabu, masomo ambayo mtoto wa mfanyabiashara angeyatumia. Shauri likafika kwa Lord Eldon, aliyekuwa Lord Chancellor, yaani jaji wa ngazi ya juu kabisa, na mwaka 1805 akashikilia maana ya neno lenyewe kama lilivyo kwenye kamusi ya Samuel Johnson: grammar school ni mahali pa kufundisha lugha za kale kwa kanuni zake. Mali ya wakfu isingeweza kuhamishiwa kwingine. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 1840 ndipo mlango ukaanza kufunguka kwa masomo mengine, na sheria nyingine ya 1869 ikawezesha sehemu ya mali hizo kutumika kuanzisha shule za wasichana. Kwa zaidi ya miaka 300 wakfu hizo zilikuwa zimewanufaisha karibu wavulana peke yao.

Maana ya sasa ilizaliwa na Sheria ya Elimu ya 1944, iliyosimamiwa na waziri R. A. Butler. Elimu ya sekondari ikawa bure kwa wote. Sheria haikusema watoto wagawanywe, lakini halmashauri nyingi ziligawa: grammar school kwa watakaoendelea na masomo ya juu, shule za ufundi (ambazo zilijengwa chache mno), na "secondary modern" kwa waliobaki. Mgawanyo huo uliamuliwa na mtihani uitwao "eleven-plus", ambao mtoto aliufanya akiwa na miaka 10 au 11. Ulikuwa na hesabu, Kiingereza na maswali ya kupima akili.

Yeyote aliyewahi kusubiri majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza anaijua hofu ya siku zile. Kwa wastani, mtoto mmoja kati ya wanne hivi ndiye aliyepita, lakini wastani huo unaficha mengi. Zilikuwepo wilaya zenye nafasi nyingi na zenye nafasi chache, hivyo alama zilizomvusha mtoto huku zingeweza kumwangusha kule. Kwa kuwa sehemu nyingi nafasi za wavulana zilizidi za wasichana, msichana alitakiwa kupata alama za juu zaidi kuliko kaka yake. Kwangu mimi hilo ni dhuluma iliyo wazi, hata kama iliandikwa kwa lugha ya kiofisi.

Watetezi wa shule hizi wana hoja nzito, na ni haki kuitaja. Watoto wa nyumba za kawaida walisoma humo bila ada wakafika mbali. Harold Wilson, Edward Heath, Margaret Thatcher na John Major, wote mawaziri wakuu, walitoka grammar school. Lakini wakati huohuo wengi wa waliopelekwa secondary modern waliacha shule wakiwa na miaka 15 bila cheti chochote.

Mwaka 1965 serikali ya Wilson, kupitia waziri Anthony Crosland, iliziomba halmashauri zihamie kwenye shule za pamoja zisizochuja. Nyingi zilikubali. Shule ya Manchester ilichagua kujitegemea na sasa inatoza ada, kwa hiyo jina pekee halitoshi kukuambia shule ni ya namna gani. Za serikali zinazochuja zimebaki 163 katika England, hasa Kent, Buckinghamshire na Lincolnshire. Tangu 1998 sheria inakataza kuanzisha mpya. Ireland ya Kaskazini nayo bado inazo, lakini Scotland na Wales hazina.

Jina la secondary modern halionekani tena kwenye vibao. Hata hivyo, mchujo wenyewe haujaisha. Kent, watoto hufanya mtihani Septemba, wakiwa ndiyo kwanza wanaanza mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Wazazi wenye uwezo huwa wameshalipia masomo ya ziada tangu mwaka uliotangulia, na matokeo hutoka Oktoba.