Vigae katika nyumba za wageni Lamu: mambo ya kuuliza kabla ya kununua

Wenye nyumba za wageni, mikahawa na maduka ya Lamu na Shela wanapotaka kubadilisha sura ya ndani ya majengo yao, swali la kwanza wanalotuletea huwa ni la rangi. Ni swali halali, ila zamu yake ni ya mwisho. Sakafu ya biashara hukanyagwa na watu wengi wasioijua, wengine wakitoka kuogelea na miguu imelowa, wengine wakiingia na mchanga wa ufukweni, na upepo wa bahari hauachi kuleta chumvi. Kigae kinachofaa ni kile kitakachostahimili hayo, hata kama dukani kilizidiwa uzuri na jirani yake.

La kwanza kuuliza ni kiasi cha maji ambacho kigae hunyonya. Kwa mujibu wa kipimo cha kimataifa cha ISO 13006, kigae cha poselini, yaani kauri ngumu iliyoshikana sana, kilichotengenezwa kwa kushindiliwa hakinyonyi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali vigae vingi vya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Tofauti hii haionekani kwa macho, kwa kuwa vyote viwili vyaweza kuwa na uso ule ule, na kwa hivyo mnunuzi asome maandishi ya kwenye katoni badala ya kuridhika na maneno ya dukani. Kung'aa nako kuna gharama yake. Chembe za kwatzi zilizomo mchangani ni ngumu kuliko uso wa vigae vingi, na sakafu ya mapokezi iliyong'arishwa itachakaa katika njia wanayopita watu huku pembeni ikibaki kama mpya, jambo linalochukiza zaidi kuliko sakafu isiyong'aa tangu mwanzo.

Suala la utelezi ndilo lenye hatari kubwa zaidi, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Wauzaji hutaja alama ya R, kuanzia R9 hadi R13, wakidhani kwamba inajibu kila swali. Alama hiyo hupatikana kwa mtu aliyevaa viatu kutembea juu ya ubao unaoinuliwa kidogo kidogo, uliomwagiwa mafuta; ina maana kubwa jikoni. Kando ya bwawa la kuogelea au kwenye bafu la wageni, kipimo kinachohusika ni cha miguu mitupu na maji ya sabuni, ambacho hutoa daraja A, B na C, na C ndilo lenye kushika zaidi. Kipo pia kipimo cha mkono unaobembea na kusugua kipande cha mpira juu ya kigae kilicholowa: thamani ya 36 na kuendelea huhesabiwa kuwa hatari ndogo ya kuteleza. Muuzaji asiyeweza kuonyesha matokeo ya hata kipimo kimoja kati ya hivi asiaminiwe, hasa kwa ngazi za ndani, ambazo katika nyumba zetu nyingi ni nyembamba na zenye kiza.

Nyumba za kale zinahitaji uangalifu wa namna nyingine. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, nayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaulinda. Mwenye nyumba aione ofisi ya uhifadhi kabla fundi hajashika nyundo. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa hutoa unyevu wake polepole kupitia chokaa hiyo. Zikifunikwa kwa saruji na vigae, unyevu hukosa njia, hupanda na chumvi yake mpaka juu ya mstari wa vigae, na hapo lipu huanza kupukutika. Ghorofani mzigo nao huongezeka: tabaka la mchanga na saruji lenye unene wa sentimita 5 lina uzito wa takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na poselini ya milimita 10 huongeza kilo 23 hivi, yote yakibebwa na boriti za mikoko ambazo hazikukusudiwa kazi hiyo. Bafu jipya la juu lisilo na utando wa kuzuia maji chini ya vigae litaozesha boriti kimyakimya, kwani vigae vyenyewe na saruji ya kuziba mianya havizuii maji kupenya.

Hatusemi kwamba kauri ni ngeni huku. Bakuli za Kichina zilipangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zikapachikwa kwenye kaburi la mnara la Mambrui, na zikalazwa chini ya birika za msalani ili samaki wanaokula viluwiluwi vya mbu wasikose maji birika linapopungua. Wazee waliiweka pale pasipokanyagwa, na kwa maoni yetu vigae vya nakshi katika nyumba ya kale vinapendeza zaidi kwa mfano huo: eneo dogo linaloonekana, sakafu ikiachiwa chokaa yake.

Kwa upande wa ufundi, mchanga wa pwani na maji ya kisima yenye chumvi visitumike kuchanganyia. Darini, yaani juu ya paa tambarare ambako jua ni kali, iachwe mianya ya kutanukia iliyojazwa silikoni kila baada ya mita 3 hivi, na sakafu iinamishwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mfereji. Gundi ienezwe chini ya kigae chote. Vidonge vitano vya saruji nyuma ya kila kigae, ambavyo bado tunaviona kwenye majengo mapya, huacha uwazi unaobeba maji. Jikoni itumike saruji ya epoksi katika mianya, kwa kuwa hainyonyi mafuta.

Baada ya hapo rangi na ichaguliwe. Agizo liongezwe asilimia 10 kwa ajili ya mikato na mapasuko ya safarini, kwani katoni hupakuliwa chomboni na kufikishwa kwa punda, na zinazobaki zihifadhiwe pamoja na namba ya rangi na ya saizi iliyoandikwa juu yake, kwa sababu shehena itakayofuata mara nyingi huwa imetofautiana kidogo.