Delosperma haihitaji maji kabisa? Si kweli

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp: ukipanda Delosperma, ule mmea wa kutambaa wenye majani manene na maua ya zambarau, usiumwagilie hata tone, utaoza. Nusu yake ni kweli, na ndiyo maana unaaminika.

Delosperma cooperi asili yake ni Afrika Kusini, na majani yake huhifadhi maji. Akiba hiyo hutosha mmea ambao mizizi yake imeshika. Kipande kilichopandwa jana hakina mizizi. Kata kipande cha sentimita 8 hivi, acha kidonda kikauke siku 1 au 2, ukipande, kisha mwagilia kidogo kila udongo wa juu unapokauka, kwa wiki 4 hadi 6. Baada ya hapo punguza.

Kinachouozesha hasa ni udongo unaotuamisha maji, mfinyanzi kwa mfano. Inua tuta na uchanganye kokoto ndogo.

Wengi huchanganyikiwa kwa sababu majani hunyauka kwa kiu na kwa kuoza pia. Chomeka kidole sentimita 5. Pakiwa pakavu na shina gumu, ni kiu. Pakiwa na unyevu na shina limelainika na kuwa jeusi, mizizi inaoza. Okoa vipande vizima uanze upya.

(Maua yakijifunga jioni, usihangaike. Hufunguka juani.)

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyeutuma apime kwanza kwa kidole.