Ufunguo wa Siri Haunakiliwi

Nimeombwa tena, safari hii na kijana anayetunza kompyuta za nyumba za wageni huku Shela, nimwelekeze namna ya kunakili folda nzima ya .ssh, zinamokaa funguo za SSH (njia salama ya kuingia katika kompyuta nyingine kupitia mtandao), kutoka laptopu yake hadi kompyuta ya afisi iliyoko Mokowe, ili ufunguo uwe mmoja kote. Sivyo. Kinachopaswa kuwa kimoja kote ni mipangilio ya sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika. Ufunguo wa siri hutengenezwa ndani ya kompyuta moja na hautoki humo.

Mipangilio haina taabu. Weka .bashrc (faili ya mipangilio ya sheli) na .ssh/config (ya mipangilio ya SSH) katika hifadhi ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, na yanayohusu kompyuta moja tu uyaweke katika faili ya pembeni ambayo .bashrc huisoma ikiwapo. Usiiache .bashrc ichapishe salamu bila masharti, kwani rsync, programu ya kunakili faili baina ya kompyuta, itavurugika.

Kisha, katika kila kompyuta, andika amri ya kutengeneza ufunguo, ssh-keygen -t ed25519 -C afisi-mokowe, ukibadilisha jina kulingana na kompyuta. Hiyo -C ndiyo watu wanayoipuuza, nami ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote. Jina hilo hukaa mwishoni mwa ufunguo wa umma, pacha wa ule wa siri, nawe ukiupeleka kwenye seva hubaki hapo katika authorized_keys, orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia. Siku laptopu itakaposahauliwa mashuani baina ya Mokowe na Amu, utafuta mstari mmoja wenye jina lake, na kompyuta nyingine zitaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Aliyesambaza ufunguo mmoja hana la kuchagua: akiufuta amejifungia nje kila mahali, asipoufuta aliyeiokota laptopu anaweza kuingia pindi akifaulu kuufungua. Na aliyeutia ufunguo wa siri katika Git asidhani kwamba kuifuta faili kumemwokoa, kwa sababu historia ya Git bado inao.

Kwa nakala rudufu za usiku, ambapo hakuna mtu wa kuandika neno la siri linalofungua ufunguo, sina jibu linaloniridhisha kabisa. Hutumia ufunguo wa pekee usio na neno la siri, na kwenye seva hutanguliza mstari wake kwa restrict (huzima ruhusa za ziada) na command (hutaja amri moja ya kutekelezwa) ili ufanye kazi hiyo moja tu. Lakini mwenye diski bado ni mwenye ufunguo.

Wanaowasha ForwardAgent, mpangilio wa SSH unaoiwezesha seva kutumia funguo zilizo katika kompyuta yako, ili wapitie seva moja kwenda nyingine nawasihi waache, kwa kuwa mwenye mamlaka ya root (msimamizi mkuu) katika seva ya kati anaweza kuzitumia funguo zao muda wote wakiwa wameunganishwa. ProxyJump, mpangilio wa kupitia seva ya kati bila kuiachia funguo, uliomo katika OpenSSH (programu ya SSH inayotumika sana) tangu toleo la 7.3 la mwaka 2016, huwafikisha kule kule bila hatari hiyo.