Sheria za biashara hutungwa na nani? Shirikisho, Muungano na halmashauri zetu za Kigoma

Katika nchi ya shirikisho, katiba yenyewe ndiyo hugawa mamlaka ya kutunga sheria za biashara kati ya Bunge la nchi nzima na mabunge ya majimbo. Katiba ya Kanada ya mwaka 1867 ililikabidhi Bunge la shirikisho mamlaka juu ya biashara, ikayapa mabunge ya majimbo mamlaka juu ya mali na haki za kiraia. Lakini kuuziana si ni mkataba wa mali? Mvutano ukafika London, kulikokuwa na ngazi ya mwisho ya rufaa za Kanada wakati huo, na mwaka 1881 ikaamuliwa hivi: biashara inayovuka mpaka wa jimbo au wa nchi ni ya shirikisho, mikataba ya biashara ndani ya jimbo ni ya jimbo.

Tanzania si shirikisho. Biashara ya nje na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, hivyo hutungiwa sheria na Bunge la Jamhuri ya Muungano. Biashara ya ndani ya Zanzibar iko chini ya Baraza la Wawakilishi.

Sisi wa Kigoma tuna halmashauri, nazo hutunga sheria ndogo: ushuru wa soko, ushuru wa mazao, faini. Watu wengi huzichukulia kama sheria kamili za mkoa, na hapo ndipo wanapoumia. Mamlaka hayo yametolewa na Bunge, sheria ndogo ya halmashauri haianzi kutumika bila idhini ya waziri, na ikipingana na sheria ya Bunge, ya Bunge ndiyo inayosimama.

Mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na likafuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani 1 unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mama anayepakia gunia tano za maharage Kasulu kwenda kuuza soko la Mwanga, Kigoma mjini, alihusika moja kwa moja: mzigo wake haufiki tani, na hakuna sheria ndogo ya halmashauri yoyote njiani ingeweza kumrudishia ushuru ule kwenye geti. Jimbo la Kanada lingeweza kwenda mahakamani kutetea mamlaka yake ya kikatiba. Halmashauri haina pa kusimama, maana kilichopunguzwa kilikuwa cha kupewa.

Mzigo ukipakiwa bandarini kwenda Bujumbura au Kalemie, kuna ngazi nyingine tena: forodha hufuata sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyopitishwa na Bunge la Jumuiya.