Mpiga dramu si mshika mdundo tu

Wengi huamini kwamba mpiga dramu wa roki hawezi kusimama peke yake kama msanii, kwa kuwa kazi yake ni kushika mdundo huku wengine wakitunga. Dhana hiyo si sahihi, na Dave Grohl, aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ya roki ya Nirvana, ni ushahidi wa wazi. Alianza na gitaa tangu utotoni, na hata alipokuwa akipigia Nirvana alirekodi nyimbo zake mwenyewe, ambazo baadhi yake zilitoka kwa kaseti mwaka 1992 chini ya jina la Late!.

Oktoba 1994, miezi michache baada ya kifo cha Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, aliingia studio karibu na Seattle na kurekodi albamu nzima kwa takriban wiki moja. Alipiga dramu kwanza, wimbo mzima ukiwa kichwani mwake, kisha akaongeza gitaa, besi na sauti. Ni kipande kimoja tu cha gitaa kilichopigwa na mgeni, Greg Dulli. Jina Foo Fighters, alilolitumia kutoa albamu hiyo, liliwafanya watu wadhani ni bendi, ilhali wanamuziki wenzake aliwakusanya baadaye, kabla albamu haijatoka Julai 1995.