Simu mkononi mwa muuguzi wa saratani: yanayosemwa na yalivyo

"Muuguzi aliyeshika simu wodini anachati."

Wapo wanaochati, tusidanganyane. Lakini huyo unayemwona amesimama kando ya kitanda huenda anatafuta jambo moja tu: doxorubicin, dawa ya kemo (tiba ya kuua seli za saratani), imevuja nje ya mshipa, aanze na lipi? Anatakiwa asimamishe dripu, kanula, yaani mrija mdogo ulio mshipani, aiache palepale, kisha ajaribu kuivuta dawa irudi kwenye bomba la sindano. Mkono wenye taharuki hukimbilia kuchomoa kanula. Halafu kuna kukanda: doxorubicin hukandwa kwa baridi, vincristine, kemo nyingine, kwa joto. Haya yote alifundishwa darasani, na hajayagusa tangu mtihani. Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yeye mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba mtu akikariri kitu mara moja, sehemu kubwa humtoka mapema sana, na kwamba kurudia kwa vipindi ndiko hukitia mizizi. Maswali matatu kwenye simu kila asubuhi yanaiweza kazi hiyo kuliko semina ya siku tatu yenye cheti.

"Programu ya simu ikishakokotoa dozi, hesabu imekwisha."

Hii ndiyo dhana inayonitisha. Dozi nyingi za kemo hupimwa kwa eneo la mwili, yaani ukubwa wa ngozi yote kwa mita za mraba, na programu nyingi hutumia kanuni ya Mosteller ya mwaka 1987: zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mgonjwa wa sentimita 180 na kilo 80 anapata mita za mraba 2 kamili. Akiandikiwa doxorubicin miligramu 60 kwa kila mita ya mraba, dozi yake ni miligramu 120. Sasa tuseme mizani ilisoma kwa ratili: 176, ambazo ni kilo 80 zilezile, na kidole kikaandika 176 kwenye kisanduku cha kilo. Jibu linaruka hadi 2.97, na dozi inakuwa miligramu 178, karibu mara moja na nusu ya inayotakiwa. Programu haishtuki. Anayepaswa kushtuka ni muuguzi, kwa sababu anajua mtu mzima wa umbo la kawaida hakaribii 3.

Kwa hiyo programu nzuri ya kufundishia, kwa maoni yangu, ni ile inayokuambia ukisie kwanza ndipo ikuonyeshe jibu. Na wauguzi wawili wanapohakikiana, kila mmoja aingize namba zake mwenyewe kutoka kwenye faili. Wawili kuchungulia kioo kimoja na kuitikia "sawa" ni kosa moja lenye mashahidi wawili.

"Ukishaipakua, umejitosheleza."

Ipilimumab iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na ikafuatiwa na dawa nyingine za kuamsha kinga dhidi ya saratani. Kwa mgonjwa anayetumia dawa hizo, kuhara kunaweza kuwa kinga ya mwili inayoshambulia utumbo, na mara nyingi hutibiwa kwa steroidi, dawa za kuituliza kinga hiyo. Muuguzi aliyesomea kemo ya zamani atafikiria loperamide, dawa ya kawaida ya kuzuia kuhara, na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Programu ya zamani nayo itamwambia hivyohivyo. Tafuta tarehe ya mapitio ya mwisho na nani aliyepitia. Isiyo na tarehe mimi huifuta.

"Bila intaneti haina kazi." Si kweli kwa zote. Kuna zinazohifadhi masomo ndani ya simu na kusubiri mtandao wakati wa kusasisha tu. Ulizia hilo kabla ya kuchagua.

"Itachukua nafasi ya mkufunzi."

Video itakuonyesha jinsi ya kutafuta mshipa, ila haitakushika kiwiko ikuambie umeinua mno. Na kuna hatari ambazo si za kumbukumbu kabisa. Vincristine ikidungwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa makosa, karibu kila mara huua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu makosa hayo, na kinga inayopendekezwa ni kuichanganya dawa kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano. Mfuko hakuna atakayeufungia kwenye sindano ya mgongo. Hapo simu haina cha kuongeza.

"Picha ya kidonda kwenye kundi la wauguzi ni ya kujifunzia tu." Tatuu ya mkononi, namba ya kitanda, shuka lenye jina la wodi: mgonjwa ameshatambulika. Bila ridhaa yake, usipige.

La mwisho halisemwi na mtu, linatendwa tu: kuigusa simu kwa glavu zilezile zilizobadilisha mfuko wa kemo, ili usome hatua inayofuata. Mabaki ya dawa huhamia kwenye kioo. Jioni kioo hicho kiko mkononi mwa mtoto, anaangalia katuni.